Kericho na Bomet: Miji iliyobanwa na majanichai, nyumba zinazoteremkia mitoni

MIJI mingi ya Kenya humalizika polepole. Maduka hupungua, nyumba za mawe hufuatwa na za mabati, nazo za mabati hufuatwa na mashamba ya mahindi. Mji wa Kericho ni tofauti. Kwa pande zake nyingi humalizika ghafla, penye ukingo wa shamba la majanichai, na kutoka hapo ni kijani kitupu hadi upeo wa macho. Mandhari hayo hupamba kalenda na kadi za posta. Kwa afisa wa mipango ya ardhi, hata hivyo, ni ukuta. Mji hauwezi kupenya hapo, ilhali watu hawaachi kuzaliwa wala kuhamia. Hujenga pale panapopatikana nafasi, na nafasi iliyobaki mara nyingi iko bondeni, karibu na maji.

Mjadala kuhusu nyumba zinazoinuka kando ya mito na chemchemi za Kericho na Bomet huendeshwa aghalabu kama suala la nidhamu: nani amekiuka mipaka, nani alimpa kibali, tingatinga litafika lini. Maswali hayo yana uzito wake. Lakini yanaanzia mwisho wa hadithi. Mwanzo wake ni ramani iliyochorwa karne moja iliyopita, iliyoamua nani angekaa kwenye migongo ya vilima na nani angesukumwa kwenye miteremko.

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupokea mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ambayo haikauki kabisa mwezi wowote. Mvua hiyo na udongo mwekundu wenye kina na asidi ndivyo vilivyowavuta wakulima wa chai. Nyuma ya mashamba upande wa mashariki umo Msitu wa Mau Kusini Magharibi, sehemu ya misitu ya Mau ambayo kwa jumla yake hukadiriwa kuwa na hekta 400,000 hivi. Kutoka humo hushuka mito ya Kimugu, Itare na Kipsonoi na vijito visivyo na idadi, ambavyo sehemu kubwa ya maji yake huishia katika Mto Sondu na kuingia Ziwa Victoria. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu chenye uwezo wa megawati 60, kilichoanza kazi 2008, pamoja na kile cha Sang'oro cha megawati 21 kilichofuata 2012, vyote huendeshwa na maji hayo.

Upande wa kusini, Bomet, mito miwili ndiyo yenye jina: Nyangores, unaopita Silibwet, Tenwek na mji wa Bomet wenyewe, na Amala, unaopita Mulot mpakani mwa Bomet na Narok. Mito hiyo ikiungana ndiyo huzaa Mto Mara, ule unaovukwa na nyumbu na ambao watalii husafiri kutoka pembe zote za dunia kuutazama. Mara huingia Tanzania na kumwaga maji yake ziwani baada ya safari ya kilomita karibu 400. Kwa hivyo kinachotupwa Silibwet hakiishii Silibwet.

Mji wa Kericho hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya Mto Kimugu, yanayosafishwa na kusambazwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Kericho, KEWASCO. Mji wa Bomet hutegemea Nyangores. Hata hivyo mabomba hayajafika kila mahali, na pale yalipofika mifereji haitoi maji kila siku. Maelfu ya familia bado huteka kwenye chemchemi zilizo chini ya miteremko, na katika miji midogo ya Bomet punda waliobebeshwa mitungi ya plastiki si kioja. Maji hayo ya punda hayapiti kwenye mtambo wowote wa kusafishia. Hutoka ardhini au mtoni na kuingia nyumbani.

Ramani yenyewe ilianza kuchorwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani, ili walime kitani. Mradi huo uliporomoka katika muda mfupi, bei ya kitani ilipoanguka. Ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis waliokuwa wameondolewa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, zikaanzisha mashamba makubwa ya majanichai kwa mikataba mirefu ya ukodishaji. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulifukuzwa na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mashamba yalichukua migongo mipana ya vilima, ardhi tambarare iliyo rahisi kupitisha barabara. Mji ulipewa kipande chake, na wenyeji wakabakiwa na hifadhi zilizozunguka.

Uhuru ulileta Mamlaka ya Ustawi wa Chai, KTDA, mwaka 1964, na wakulima wadogo wakaruhusiwa kupanda zao ambalo awali walizuiwa kulipanda. Hilo lilibadilisha maisha ya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros. Lakini halikuugusa mpaka kati ya shamba kubwa na mji. Mpaka huo ungali pale ulipokuwa.

Kilichobadilika ni idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,482,525 katika Kericho na Bomet kwa pamoja. Ile ya 2019 ilipata 901,777 Kericho na 875,689 Bomet, yaani jumla ya 1,777,466. Ni nyongeza ya watu karibu 295,000 katika miaka kumi. Kwa hesabu za sensa hiyo Kericho ilikuwa na watu wapatao 370 kwa kila kilomita mraba. Takwimu hiyo inapunguza uzito wa hali halisi, kwa sababu kilomita hizo zinajumuisha misitu na mashamba makubwa ambamo mwananchi wa kawaida hawezi kuweka hata kibanda. Ukiziondoa, waliobaki wamebanana zaidi.

Aidha kuna kundi ambalo takwimu za nyumba hulisahau. Mfanyakazi wa shamba kubwa la majanichai hukaa kambini, katika nyumba ya mwajiri, na hutumia maji ya mwajiri. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo huenda. Tangu mashine za kuchuma majani zilipoanza kuenea katika mashamba ya Kericho mnamo miaka ya 2000, wengi wamepoteza kazi. Baadhi walirudi kwao. Wengine, waliozaliwa na kukulia kambini, hawana kwao pa kurudi. Hukodi chumba Nyagacho, Kapsoit au Brooke, au wakinunua ploti hununua ile wanayoimudu. Ugatuzi nao, ulioanza kutekelezwa 2013, uligeuza Bomet kuwa makao makuu ya kaunti yenye wafanyakazi, wakandarasi na wapangaji wapya. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka huo huo, kimeleta wanafunzi wanaotafuta vyumba.

Ploti hizo hupatikanaje? Mkulima mdogo mwenye ekari mbili au tatu za majanichai, zinazoteremka kutoka barabarani hadi mtoni kama zilivyo karibu shamba zote za eneo hilo, hugawia wanawe. Mwana mmoja huhitaji karo, mwingine matibabu, na kipande huuzwa. Dalali huja na mpima ardhi, na shamba hukatwa ploti za futi 50 kwa 100, zile ambazo kila Mkenya huziita "hamsini kwa mia". Ekari moja hutoa saba au nane baada ya kuacha kijia. Zile za juu, karibu na lami, huenda kwa bei ghali na hujengwa maduka. Za katikati hununuliwa na walimu na makarani. Ile ya mwisho, yenye ardhi chepechepe na inayochungulia mto, ndiyo ya bei nafuu. Ramani ya ugawaji huionyesha sawa na nyingine zote: mstatili safi wenye nambari.

Ni vyema kukumbuka kwamba swali la nini hutokea kwa mto pale ardhi iliyo juu yake inapobadilishwa liliwahi kuulizwa hapa hapa Kericho, kwa makini ambayo ni nadra popote barani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni za chai zilitaka kupanda majanichai katika sehemu zaidi za msitu, na wakuu wa serikali wakahofia kwamba mito ingepungua na watu wa nyanda za chini wangekosa maji. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, lilichagua mabonde mawili madogo yanayokaribiana. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, takriban nusu ya msitu ilifyekwa na kupandwa majanichai, pamoja na barabara na makao ya wafanyakazi. Watafiti, wakiongozwa mwanzoni na Charles Pereira, walipima mvua, mtiririko wa vijito na udongo uliobebwa. Taarifa za mwanzo zilichapishwa 1962, na za jumla 1979.

Matokeo hayakumfurahisha aliyetaka jibu la neno moja. Wakati wa kufyeka na katika miaka ya kwanza ya miche, maji ya mvua yalishuka kijitoni kwa kasi zaidi na udongo uliobebwa ukaongezeka. Majanichai yalipokomaa na kufunika ardhi, hali ilitulia, na kiasi cha maji kilichotumiwa na chai hakikutofautiana sana na kile cha msitu. Bonde la Sambret halikukauka. Lakini shamba lile halikupandwa ovyo. Mistari ilifuata kontua za mlima, barabara zilipangwa ili zisigeuke mifereji, mitaro ya kuelekeza maji ilichimbwa na kuoteshwa nyasi, na msitu wa kando ya kijito uliachwa. Wataalamu walisisitiza kwamba pasipo uangalifu huo matokeo yangekuwa mengine. Wanaosoma utafiti huo nusu nusu hutangaza kwamba chai ni sawa na msitu kwa mto, jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulisema.

Miongo minne baadaye wanasayansi walirudi katika eneo la Mau Kusini Magharibi wakiwa na vipimo vinavyojiendesha vyenyewe. Tafiti zilizochapishwa kuanzia 2017 zililinganisha mabonde matatu: la msitu wa asili, la mashamba makubwa ya chai na miti ya kupandwa, na la wakulima wadogo. Bonde la wakulima wadogo lilipoteza udongo mara tatu au zaidi ikilinganishwa na la msitu. Lile la mashamba ya chai lilishikilia udongo vizuri, lakini kijito chake kilikuwa na naitreti nyingi kuliko vyote, athari ya mbolea. Kwa hiyo kila mmoja ana deni lake kwa mto. La mkulima mdogo halitokani na uzembe wa kuzaliwa nao. Vijia vya miguu, vijia vya ng'ombe kuelekea mtoni na barabara za udongo zisizo na mitaro ndivyo hugeuka mabomba ya kushushia tope. Shamba kubwa lina mhandisi wa kuvipanga. Kijiji hakina.

Nyumba huongeza jambo ambalo majanichai na mahindi hayana. Chukua paa la mabati la mita mraba 100, katika mji wenye mvua ya milimita 2,000. Kwa mwaka paa hilo hupokea lita 200,000 za maji. Yangeangukia majanichai, mengi yangezama ardhini na kutokea polepole kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Yanapoangukia bati na ua uliokanyagwa hushuka mara moja, yakiwa na kila kilichokuwa njiani. Mara mia tano za paa hilo juu ya kijito kimoja na kijito hicho hubadilika tabia: hufurika alasiri ya mvua, hunywea Januari.

Jambo la pili ni choo. Mtandao wa mabomba ya majitaka wa Kericho hufikia sehemu tu ya mji, na kwingineko katika kaunti hizo mbili wengi mno hutumia vyoo vya shimo. Mwongozo wa kawaida wa afya ya umma ni kwamba shimo liwe angalau mita 30 kutoka chemchemi au kisima, na liwe upande wa chini wa mteremko. Futi 50 ni kama mita 15, na futi 100 kama mita 30. Katika ploti ya hamsini kwa mia ni vigumu kupata pembe inayoweza kutimiza sharti hilo iwapo chemchemi iko kwenye ploti jirani, na ploti nane za ekari moja huwa na mashimo manane. Kila mwenye ploti anaweza kuwa ametii masharti yote ya ujenzi na bado chemchemi ikachafuka. Hapa ndipo kibali cha nyumba moja moja kinaposhindwa na mpango wa eneo zima unapohitajika.

Sheria zipo, tena nyingi. Katiba ya 2010 inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, inampa kila mtu haki ya maji safi, na inazipa kaunti jukumu la mipango ya ardhi na huduma za maji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna ujenzi pasipo idhini ya kaunti. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima na kuweka alama kingo za mito, na NEMA husimamia mazingira. Kanuni za ubora wa maji za 2006 na zile za usimamizi wa maji za 2007 zilitaja ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 ambao haufai kujengwa.

Kati ya sita na thelathini! Katika pengo hilo mawakili wamejenga nyumba zao. Mmiliki hushika sita, afisa wa mazingira hushika thelathini, na hati miliki aliyopewa mnunuzi na serikali hiyo hiyo haitaji hata moja, maana mpaka wake unafika katikati ya mkondo. Jijini Nairobi mnamo Agosti 2018 majengo makubwa ya kibiashara yaliyosimama kando ya mito yalibomolewa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliifanya serikali kuwaamuru walio ndani ya mita 30 za mito kuhama, na wakazi wa Mathare na Mukuru ndio waliobomolewa zaidi. Wale wa 2018 walikuwa na mawakili, wa 2024 walikuwa na magodoro vichwani. Ikiwa Kericho itafuata mkondo huo, Nyagacho ndiyo itakayotangulia, na waliohamishwa watatafuta ploti nyingine ya bei nafuu, kando ya kijito kingine.

Yapo mambo yaliyofaulu bila tingatinga. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito na vinamasi. Mti huo hupendwa katika nchi ya chai kwa sababu viwanda huhitaji kuni za kukaushia majani, na mkulima huona pesa zake haraka. Agizo hilo lilizua kelele na halikutekelezwa kikamilifu, lakini liliacha fikra: leo vyama vya watumiaji wa maji katika mabonde ya Mara na Sondu hupanda mianzi na miti ya asili mahali pa mikaratusi. Mashamba makubwa nayo, tangu masoko ya ng'ambo yalipoanza kudai vyeti vya uhifadhi mnamo 2007, hulinda kanda za miti ya asili kando ya vijito. Mtu akitembea katika shamba kubwa na kisha akavuka hadi kijijini, tofauti ya ukingo wa kijito kimoja huiona kwa macho.

Mfano mwingine ni ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa 1986 wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi. Wazo lilikuwa kupanda majanichai katika ukanda wa upana wa mita 100 kando ya misitu ili uwe ua kati ya watu na miti. Kama wazo la mipango ya mandhari, lilikuwa bora kuliko waya: ua unaoajiri watu. Lakini ua haumzuii aliyeuweka kuuruka. Mwaka 2001 serikali ilifuta hadhi ya msitu kwa zaidi ya hekta 61,000 za Mau, zikiwamo zaidi ya hekta 22,000 za Mau Kusini Magharibi. Jopokazi lililoundwa 2008 lilipendekeza urejeshaji, na mwishoni mwa 2009 familia zilifurushwa, nyingi zikiishia kwenye mahema kando ya barabara. Baadhi ya waliotolewa msituni ndio hao hao waliotafuta makao kwenye miji midogo iliyo chini. Msitu na mji vimeunganishwa na zaidi ya mto.

Bomet inaonyesha upande mwingine wa tatizo. Hapa hakuna ukuta wa shamba kubwa unaoubana mji kama Kericho. Kuna mto. Nyangores hupita mjini, na kituo cha kupimia maji kwenye daraja la Bomet kina kumbukumbu za miongo mingi. Juu kidogo, Hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya misheni 1937, ilijenga mtambo wake wa umeme kwenye maporomoko katika miaka ya 1980, na kwa hiyo ina sababu ya moja kwa moja ya kujali tope linaloshuka. Kati ya msitu na daraja hilo, Silibwet na vituo vingine vya biashara vimekua kwa kasi kufuata lami. Karakana, vichinjio na sehemu za kuoshea magari hupenda kuwa karibu na maji kwa sababu iliyo wazi. Mitambo ya kusafishia inaweza kuondoa tope kwa dawa zaidi, na bili ya dawa hizo hulipwa na mteja wa mwisho. Mafuta ya gari huondoka kwa shida zaidi.

Swali la jinsi mji unavyoweza kulinda vyanzo vya maji ambavyo watu wanaishi juu yake si la Kericho peke yake. Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Nyakati hizo huko kulikuwa mashamba, na leo chemchemi za Mwanyanya na Mtoni zimezungukwa na nyumba. Jiji la New York nalo lilikabiliwa na gharama ya mabilioni ya dola kujenga mtambo wa kuchuja maji ya milima ya Catskill. Mnamo 1997 liliafikiana na vijiji vya huko: likanunua ardhi kwa wanaotaka kuuza, likawasaidia wakulima kutunza kingo za mito na, jambo ambalo Kericho ingefaa kulitazama, likagharimia ukarabati wa matangi ya majitaka ya nyumba za vijijini. Nairobi imefuata njia hiyo tangu 2015 kupitia hazina ya maji ya Tana ya Juu, inayowasaidia wakulima wa nyanda za juu kuchimba matuta na vidimbwi ili maji yanayofika jijini yasiwe tope.

Kericho na Bomet hazina pesa za New York, lakini zina mvua. Lita 200,000 za paa lile zikikingwa hata nusu yake, zinatosha kwa familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku, ambayo ni lita 91,250 kwa mwaka. Kaunti inaweza kulifanya tangi kuwa sharti la kibali katika kila ploti iliyo mteremkoni. Inaweza kukataa ugawaji wa shamba linalofika mtoni mpaka ploti ya mwisho ibakizwe kuwa ardhi ya pamoja ya nyasi na mianzi, gharama yake ikigawanywa kwa wanunuzi wa zile za juu. Inaweza kutaka choo cha pamoja chenye tangi linalonyonywa kwa lori badala ya mashimo manane. Inaweza pia kuruhusu maghorofa penye mabomba ya majitaka, ili watu wengi wakae kwenye ardhi kidogo. Mpango wa kitaifa wa nyumba za bei nafuu, uliowekewa sheria yake 2024, hujenga maghorofa, na swali la maana ni kama yatajengwa mgongoni mwa kilima au bondeni.

Na mgongo wa kilima, kwa Kericho, bado uko upande wa pili wa ukuta. Katiba ilipunguza mikataba ya miaka 999 ya wasio raia hadi miaka 99 kuanzia Agosti 27, 2010, hivyo kwa hesabu itaendelea hadi 2109. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ikiamua malalamiko ya dhuluma za kihistoria ya Wakipsigis na Watalai, ilipendekeza mashamba hayo yapimwe upya ili ijulikane kama kuna ardhi iliyozidi ile ya mikataba, na kampuni zikapinga uamuzi huo kortini. Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha mikono: yale ya Finlay yalitangazwa kuuzwa 2023 kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na yale ya Lipton, yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye Unilever, 2024. Katika mazungumzo hayo yote hoja imekuwa fidia, hisa na ajira, na ni sawa iwe hivyo. Hata ekari mia chache kwenye mgongo ulio karibu na mabomba ya Kericho zingetosha kuhamishia ujenzi wa miaka mingi kutoka mabondeni. Pendekezo la namna hiyo linahitaji kwanza kaunti yenye mpango ulioidhinishwa unaoonyesha ekari hizo ni zipi, maji yatapita wapi na majitaka yataenda wapi, kwa sababu mwenye ardhi hawezi kuombwa kipande ambacho hakuna ramani inayokitaja.